Baiskeli ya Mtu Mzito

Mizani ya kahawa ilikuwa nyuma ya duka, lakini siku hiyo Bwana Kamrudin aliamuru itolewe barazani, kwa sababu ndani kulikuwa na giza na namba zake hazikusomeka vizuri. Ndivyo Radjabu alivyopimwa uzito mbele ya watu wote waliokuwa wakipita kuelekea soko la Gitega. Alivua koti, akavua viatu, akapanda. Chuma kikalia. Kamrudin akasogeza jiwe la mizani, akalisogeza tena, akainama na miwani yake.

"Kilo mia moja na kumi na nane," alisema, wala hakuishusha sauti.

Mtu aliyekuwa akinunua sabuni alicheka. Mwingine akauliza kama huyo anauzwa kwa rejareja au kwa jumla. Zamani Radjabu angewajibu, tena kwa jibu ambalo lingewafuata mpaka nyumbani kwao, maana alikuwa dereva wa lori, na dereva wa lori hakosi neno mdomoni. Siku hiyo alivaa viatu vyake, kimoja baada ya kingine, akafunga kamba taratibu kama mtu aliyepewa kazi ya kufunga kamba na hakuna kazi nyingine duniani.

Jambo lililomleta dukani lilikuwa hili. Mchuuzi mmoja wa vitunguu, mwanamke aliyekuja kwa miguu kutoka pande za Gasorwe, alikuwa amepita nyumbani kwa Radjabu, mtaa wa Nyamugari, akauliza kwa mama yake Zuena. Kulthumu, mke wa Radjabu, alitoka na uzi wa kushonea ungali mdomoni. Yule mwanamke akasema kwamba Zuena, binti yao, yu hai. Yuko Gashoho, kwenye kambi ya waliokimbia vilima vyao. Mtoto wake mchanga anaye, ila ameumia mguu na hawezi safari. Kuhusu Mustafa, mume wa Zuena, hakusema kitu, na hakuna aliyemwuliza. Akapewa maji, akanywa, akajitwika vitunguu vyake akaenda.

Huo ulikuwa mwaka wa pili wa vikwazo. Nchi za jirani zilikuwa zimefunga mipaka, na mafuta ya gari yaliuzwa kwa chupa kama dawa ya kifua. Lori la Kamrudin, ambalo Radjabu aliliendesha tangu Zuena hajaota meno, lilikuwa limekaa juu ya mawe uani, kuku wanalala ndani yake. Mabasi madogo hayakwenda tena Muyinga, mkoa wa Gashoho, na yale machache yaliyojaribu, watu walijua yalikoishia. Vijana wa baiskeli za kubeba abiria walikuwepo, lakini walipoambiwa habari ya Gashoho walitazamana. Njia ile, walisema, hawaendi. Na hata wangekwenda, mzee, wewe hatukubebi. Tunakuheshimu, lakini hatukubebi.

Kwa hiyo ilibidi aende mwenyewe, kwa baiskeli ya kwake mwenyewe, naye tangu ujana wake hakuwa amekalia baiskeli.

*

Kamrudin alikuwa na baiskeli mbili. Moja ilining'inia kwenye boriti za dari, nyeusi, ndefu, ya aina ile ya watu kubebea ndizi na kreti za bia. Magurudumu yake mazito, lakini haina gia hata moja. Nyingine alikuwa ameiegemeza nyuma ya kaunta na kuifunika shuka. Hiyo ilikuwa velo ya mlima, nyekundu, yenye tairi nene za meno na gia nyingi, iliyoachwa na Mzungu mmoja muuguzi aliyeondoka mjini kwa haraka.

Kamrudin aliivua shuka kama anayemvua bibi harusi mtandio. Akaeleza kwamba kutoka Gitega hadi Muyinga ni milima inayopokezana. Ukiteremka mmoja, wa pili unakungoja umeshika kiuno. Ile nyeusi itamfikisha mtu mwembamba. Mtu wa kiasi cha Radjabu ataisukuma toka mwanzo hadi mwisho. Hii nyekundu ina gia za kupandia, inapanda yenyewe karibu.

"Mi naogopa kitu kimoja tu," alisema Kamrudin, akabonyeza tandiko kwa kidole. "Wazungu wanatengeneza vitu hivi kwa watu wanaocheza. We hauchezi."

Radjabu aliichagua nyekundu. Hakuichagua kwa kufikiri sana; alichagua kama mtu anayechukua kiti kilicho karibu. Akaitoa barazani, akapanda, na kwa kuwa barabara ya kwenda Nyamugari inateremka, hakuhitaji hata kupiga pedeli. Upepo ulimpiga usoni. Wanawake waliokuwa bombani na ndoo zao walimwona akija, mkubwa juu ya kitu chembamba, na mmoja akaanza kushangilia kwa kigelegele.

Alisikia mlio mdogo chini yake, tii, kama uzi wa gitaa unaokatika. Kisha mwingine. Kisha mingi kwa pamoja. Gurudumu la nyuma likajikunja kama chapati, na Radjabu akalala barabarani mbele ya bomba, kofia yake ikabingirika mpaka kwenye matope ya maji yaliyomwagika.

Kigelegele kilikatika. Kisha wakacheka, na kicheko chao hakikuwa na ubaya mwingi. Ulikuwa mwaka ambao watu walikitumia kicheko chochote kilichopatikana. Kulthumu alikuwa miongoni mwao, na ndoo yake. Hakucheka, wala hakumkimbilia. Aliiokota kofia, akaikung'uta, akaja akainama, si kwake bali kwa baiskeli, akaitazama kama anavyotazama gauni lililorudishwa na mteja.

"Baba Zuena," alisema, "fremu haina kitu. Kilichokatika ni njiti za gurudumu. Nguo ikichanika kwenye mshono, hautupi nguo."

Alimwinua. Wakaenda nyumbani, Radjabu akiibeba baiskeli begani, kwani haikuweza hata kusukumwa.

*

Chabani alikuwa fundi wa baiskeli pale Nyamugari, mtu wa maneno mengi aliyekosea mara nyingi na kukasirika kila alipokosea. Wazo lake la kwanza lilikuwa kutia njiti mpya kwenye rimu ile ile. Alifanya hivyo. Radjabu akakaa juu, kwenye uwanja wa nyumba tu, bila kwenda popote, na njiti mbili zikakatika. Chabani akatukana rimu, akatukana viwanda vya ng'ambo, kisha akaketi chini akawa anafikiri.

Alichukua sumaku aliyokuwa ameitoa kwenye spika ya redio mbovu, akaipitisha kwenye fremu nyekundu, bomba kwa bomba. Iling'ang'ania kila mahali. Basi fremu ni chuma, akasema, si bati la sufuria, inafaa. Akaipeleka kwenye rimu, sumaku ikaanguka. Hapo akainua macho akamtazama Radjabu, na Radjabu akamtazama mkewe.

Chabani akasema dawa ni kupata gurudumu la nyuma la baiskeli ya ndizi, rimu ya chuma, njiti nene na nyingi. Ekseli yake ni ndefu kuliko nafasi iliyopo, lakini chuma kinapanuliwa. Hasara yake ni kwamba gia za nyuma zitakufa zote. Yatabaki yale meno ya mbele, madogo na makubwa, na mnyororo utahamishwa kwa mkono kila akifika kwenye mlima. Tena baiskeli itakuwa nzito.

"Bon, chagua," alisema. "Wepesi ama nguvu. Vyote viwili mi sina."

Radjabu alifikiria vilima. Alifikiria kifua chake, ambacho siku hizi kililia hata alipopanda ngazi za msikiti. Kisha akamfikiria Zuena akiwa nyuma ya baiskeli ile na mtoto kifuani, na ule mlio wa tii, tii, mbali na kila nyumba. Akasema nguvu.

Gurudumu la namna hiyo la kuuzwa lilikuwa moja tu lililojulikana, na lilikuwa kwenye baiskeli nyeusi iliyoning'inia dukani kwa Kamrudin. Kamrudin hakukubali kuuza gurudumu peke yake. Baiskeli bila gurudumu ni nini, aliuliza, ni ngazi? Asubuhi iliyofuata Kulthumu alijitwika cherehani yake kichwani, ile aliyoolewa nayo, akapita nayo sokoni mchana kweupe. Waliomfahamu walitazama pembeni ili asilazimike kuwasalimu. Alirudi na baiskeli nyeusi nzima, akiiburuta, na pampu ambayo hakuiomba. Kamrudin alikuwa ameifunga kwenye fremu bila kumtazama usoni.

Chabani alifanya kazi siku ile yote. Gurudumu la chuma liliingia baada ya uma wa nyuma kupanuliwa kwa kipande cha mti na matusi. Tandiko pana la springi lilitolewa kwenye nyeusi likapandishwa kwenye nyekundu. Keria ya nyuma aliichomelea kwa nondo, zile za kujengea, akaishikiza chini kabisa karibu na ekseli ili mzigo usiyumbe. Ndani ya tairi zote mbili aliweka kipande cha tairi kuukuu kama bitana, ili mwiba upate kazi mbili kabla ya kufika kwenye mpira. Breki alizifungia kipande cha ngozi ya kiatu, akisema zitashika mradi mvua isinyeshe, na mwezi ule wa nane hakukuwa na dalili ya mvua.

Radjabu alipanda tena. Watu wa mtaa walitoka. Chuma kililalamika kidogo, kikatulia. Akazunguka uwanja, akatoka barabarani, akateremka mpaka bombani, akarudi akisukuma. Hakuna kilichokatika. Mtu mmoja alipiga makofi, akaacha alipoona hakuna anayemfuatisha.

*

Safari yenyewe Radjabu hakupata kuisimulia vizuri. Kulthumu alipomwuliza baadaye, alisema tu kwamba alipanda akisukuma na akateremka ameketi, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mlimani alihamisha mnyororo kwa vidole mpaka vikawa vyeusi, akapiga pedeli mpaka kifua kikataka kupasuka, kisha akashuka akatembea. Mteremkoni aliziachia breki zinuke ngozi iliyoungua. Mashamba mengine yalikuwa yamelimwa na mengine yalikuwa yamemea magugu mpaka juu ya milango. Alizoea haraka. Lililomshangaza ni vile alivyozoea.

Jambo ambalo hakulizoea ni tumbo lake. Njiani alikutana na watu wanaohama, wenye magodoro vichwani, wenye mbuzi mmoja, na kila waliopishana naye walimtazama kati ya kifua na mapaja. Hakuna aliyemtukana. Kwenye kizuizi kimoja mwanajeshi mdogo alimgusa tumbo kwa ncha ya fimbo, akamwuliza wanakula nini huko Gitega. Radjabu akajibu kwamba wanakula mihogo. Hiyo ilikuwa kweli. Umbile lake lilikuwa la ukoo, baba yake alikuwa hivyo na babu yake hivyo. Lakini ni nani angesimama kizuizini akaeleza habari za babu yake? Alifunga vifungo vyote vya koti, jua likimchoma, akaenda hivyo mpaka Gashoho.

Kambi ilikuwa kwenye mteremko nyuma ya soko, vibanda vya majani na maturubai. Aliuliza kwa jina la Zuena, akaulizwa Zuena yupi, akasema wa Gitega, yule Mwislamu, mke wa Mustafa fundi seremala. Mtu mmoja alimwonyesha kwa kidevu.

Zuena alikuwa ameketi juu ya gunia, mguu wa kulia umefungwa kitambaa cha kitenge kilichogeuka rangi. Mtoto alikuwa mapajani, msichana, jina lake Raissa, ambaye babu yake hakuwahi kumwona. Kando yao alilala kikongwe mmoja, mdogo kama kitu kilichosahauliwa, macho wazi.

Zuena alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Hakulia. Radjabu naye hakulia, ingawa njia nzima alikuwa ameogopa kwamba atalia.

"Baba, umekuja na nini?" aliuliza.

"Na baiskeli."

"Inabeba watu wangapi?"

Radjabu hakuelewa swali. Zuena akamwelekeza kikongwe kwa macho. Huyo ni Mukecuru Kabura, alisema, bibi kizee jirani yao kule kilimani Gasorwe. Walipokuja wale watu, Mustafa alitoka nje kuongea nao, maana alidhani anawafahamu. Mukecuru alimvuta Zuena kwa mkono, na mtoto wake, akawaficha ndani ya shimo la kuivishia ndizi, akalifunika kwa majani, kisha yeye mwenyewe akaketi juu yake akawa anamenya maharage. Walimpiga. Alimenya. Walipoondoka hakuweza tena kusimama, na tangu hapo hajasimama. Zuena ndiye aliyemburuta mpaka barabarani, na huko ndiko alikoumia mguu.

Alisimulia kama anayesoma bei za sokoni. Alipofika mwisho akasema, "Mi bila yeye siendi."

Radjabu aliitazama baiskeli. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo ni yeye, na keria kwa ajili ya binti yake. Hakukuwa na mpango wa kikongwe. Alitafuta ndani yake hasira, au huruma, au hesabu yoyote ya kumwongoza, hakukuta kitu. Basi akafanya lililokuwa mbele ya mikono yake. Akamwinua Mukecuru, akamketisha kwenye keria ya nondo, akamfunga kiuno kwa kitenge. Akamwinua Zuena akamkalisha kwenye lile tandiko pana, mtoto mgongoni mwake. Akaushika usukani, akasukuma.

Baiskeli haikulia hata kidogo. Springi hazikubonyea. Hapo ndipo Radjabu, dereva aliyezoea kusikia mzigo kwa mwili wake, alipotambua kwamba wote watatu, mama, mtoto na kikongwe, walikuwa wepesi kuliko yeye peke yake. Alisimama. Zuena akauliza kama kuna kitu kimeharibika. Akasema hakuna, akaendelea kusukuma.

*

Kizuizi kibaya kilikuwa karibu na mto Ruvubu. Gogo lilikuwa limelazwa barabarani na vijana wenye bunduki walikuwa wameketi kivulini. Radjabu alionyesha kitambulisho chake, Zuena cha kwake. Mukecuru hakuwa nacho; kiliungua pamoja na nyumba. Kijana mmoja, mkubwa wao, akazunguka baiskeli akimtazama kikongwe kama anayetafuta alama kwenye ng'ombe.

"Huyu ni nani yako?"

Radjabu alijua kwamba swali lile lilikuwa na majibu mawili, na kwamba moja kati yake lilikuwa la kuzimu, ila hakujua ni lipi. Mukecuru alitoka upande gani, kabila gani, hakuwahi kuuliza. Mtaani kwake Nyamugari watu walikuwa wamejifunza kutouliza.

"Ni mama yangu, shefu."

Kijana akamtazama Radjabu kuanzia miguuni mpaka kichwani, akamtazama Mukecuru, ambaye miguu yake ilining'inia kama vijiti viwili. Akaanza kucheka. Akawaita wenzake. Wakaja, wakacheka nao.

"Huyu ndiye alikuzaa we? Alikuzaa kwa vipande?"

Radjabu akasema kwamba yeye amemfuata baba. Wakacheka zaidi. Mkubwa wao akafuta macho, kisha akaamuru Zuena ashuke na mtoto, akasema wanataka kuona kama baiskeli hiyo kweli inaweza kumbeba mtoto huyu mnene na kikongwe mama yake. Kama inaweza, watapita. Kama inavunjika, basi amedanganya.

Radjabu alipanda. Alizunguka pale barabarani, mara moja, mara ya pili, vijana wakipiga makofi kama ya uwanja wa mpira, mmoja akimhimiza kwa kumwita jina la lori. Alihisi vidole vya Mukecuru vimeshika mkanda wake kwa nyuma. Zuena alikuwa amesimama kando kwa mguu mmoja, ametazama chini. Radjabu alingoja aibu imfike, nayo haikufika. Alichosikia ni mnyororo tu, ukihitaji mafuta. Alizunguka mpaka walipochoka wao.

"Pita, mtoto wa mama," alisema yule mkubwa wao, akalisogeza gogo kwa mguu.

Walivuka daraja. Walipokuwa wameanza kupanda upande wa pili, Radjabu akisukuma, Mukecuru alizungumza kwa Kirundi, sauti ndogo, kama anayejisemea. Alisema wanawe yeye walikuwa wembamba. Hilo ndilo neno pekee alilotamka njia nzima.

*

Waliingia Gitega wakati watu wanatoka msikitini. Kulthumu hakupiga kelele. Alimchukua mtoto, akamwosha, akamwosha Zuena, akamwosha Mukecuru kwa maji ya moto na kumvika gauni lake mwenyewe, lililomzunguka mara mbili. Hakuuliza ni nani. Alimtandikia kitanda karibu na mlango, penye jua. Majirani walileta mihogo na mkaa, wakaketi, wakasema Alhamdulillahi, wakaondoka.

Nyumba ikakaa kimya. Haikuwa huzuni, au kama ilikuwa huzuni basi ilikuwa ile iliyoganda, kama mafuta kwenye sufuria wakati wa baridi. Zuena alipika, alifua, alinyonyesha, na jioni alikaa mahali alipokaa asubuhi. Jina la Mustafa halikutajwa. Goti la Radjabu, ambalo njiani halikumsumbua, lilivimba alipofika nyumbani likakataa kupungua. Akawa anatembea kwa fimbo. Baiskeli ilisimama ukutani na vumbi lake la Gashoho.

Mvua za kwanza zilipogonga mabati, Mukecuru aliketi kitandani. Siku chache baadaye alisimama, ameshika ukuta. Kisha akaanza kumwambia Kulthumu, kila asubuhi, kwamba ni wakati wa kupanda maharage na yeye yuko hapa anakula maharage ya watu. Pande za kwao kulikuwa kumetulia sasa, watu wanarudi vilimani, na hata yule mchuuzi wa vitunguu alipopita alisema hivyo. Kulthumu alimsihi angoje. Akangoja siku moja, akarudia. Chabani aliombwa amrudishe, akasema ana kazi. Vijana wa baiskeli za abiria wakatazamana kama zamani.

Asubuhi moja Zuena alimfuata baba yake uani, alikokuwa amenyoosha goti lake juu ya kigoda.

"Baba, Mukecuru mi nitamrudisha."

Radjabu akamwuliza kwa miguu gani, mguu wake wenyewe haujapona sawasawa.

"Na baiskeli." Akaitazama pale ukutani. "Mustafa iko kule. Mukecuru ndiye alimfukia, anatambaa, kwenye migomba yake, na mikono. Hakuna mtu alimsomea. Mi nataka nikamsomee."

Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kutajwa katika nyumba hiyo. Radjabu aliliacha lipite. Alifikiria kumwambia habari za vizuizi, lakini Zuena alivijua. Alifikiria kumwambia kwamba katika mji mzima wa Gitega hakuna aliyepata kumwona mwanamke akiendesha baiskeli, na kwamba watu watatoka nje kutazama, na bombani watacheka. Hilo pia alilijua.

"Unifundishe," alisema Zuena.

Mlangoni Kulthumu alikuwa ameketi na nguo ya mtu anaishona kwa mkono. Sindano ilisimama. Radjabu alimtazama, akingoja akatae yeye, kwa niaba yao wote wawili. Kulthumu alimtazama bintiye, akamtazama Mukecuru kule penye jua, akashusha macho kwenye mshono wake.

"Avae suruali chini ya kitenge," alisema. "Mnyororo usije ukamkamata."

Radjabu alilishusha goti kutoka kigodani. Kisha akatafuta fimbo yake, akainuka, akaenda ukutani. Akaomba spana. Tandiko lilikuwa limekaza, uzito wake umelizamisha na kutu imelishika, na ilimbidi aligonge kwa kiganja huku na huku mpaka lilegee. Akalishusha. Akakaza. Akaishika baiskeli kwa mikono miwili, goti likimuuma, akamwambia bintiye apande.

Zuena alipanda. Miguu yake haikufika chini.

"Shuka," alisema Radjabu, akalegeza nati, akalishusha tena.